Maswali ya wasomaji: Mwongozaji aliyewafuata watu kwa miguu

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Morogoro. Nimetengeneza filamu fupi tatu kwa pesa ya kuungaunga. Mwezi uliopita nimeitwa kuongoza tamthilia ya televisheni, vipande 12. Wenzangu wananiambia nikiingia huko nimekwisha, eti mwongozaji wa kweli ni wa sinema na televisheni ni kiwanda cha matofali. Wewe umeshamtaja hapa mara mbili Mwingereza mmoja, Alan Clarke, ukasema karibu maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye televisheni. Ni nani huyo, na alifaidika nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi ichukue. Nikishakuambia hilo, sasa nikueleze.

Mimi nimekata picha za tamthilia miaka 22. Kabla ya hapo, mwaka 1993, nilikuwa London kwa mafunzo ya uhariri, na jioni moja mwalimu wetu aliingia na kanda ya VHS isiyo na jalada. Hakutuambia jina la filamu wala la aliyeitengeneza. Alizima taa tu. Tukaona kijana mwenye kichwa kilichonyolewa, na alama ya Wanazi kati ya nyusi zake, anatembea kwenye korido ya mahakama kama mwenye nyumba. Kamera iko naye. Haimwangalii kwa mbali, haimsubiri mlangoni, inakwenda naye hatua kwa hatua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na miguu yangu ilikuwa inatikisika kwa mwendo wake. Filamu ile ni Made in Britain, ilionyeshwa kwenye kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza mwaka 1983, na kijana yule ni Tim Roth, ambaye hakuwahi kuonekana kwenye kamera kabla ya hapo. Aliyeongoza ndiye Alan Clarke. Wakati naiona alikuwa ameshafariki miaka mitatu.

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1935 Wallasey, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Alianza maisha kama karani wa bima, akapitia jeshi la lazima kama vijana wa enzi yake, kisha akahamia Kanada. Kule alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Baadaye akajiunga na chuo cha Ryerson, Toronto, kusomea utangazaji wa redio na televisheni. Mwaka 1961 akarudi Uingereza, na kazi aliyoipata ilikuwa ya meneja wa sakafu kwenye kituo cha Associated-Rediffusion, London. Kama umeshaingia studio unamjua mtu huyo: ndiye anayesimama kati ya kamera na waigizaji, vipokea sauti masikioni, anaonyesha kwa vidole sekunde zilizobaki. Jioni alikwenda Ealing, kwenye ukumbi wa Questors, kuongoza michezo ya jukwaani na waigizaji wa kujitolea.

Halafu mwaka 1967 akapewa nafasi ya kuongoza michezo ya televisheni ya nusu saa, mfululizo ulioitwa Half Hour Story. Nusu saa, watu wawili au watatu, na sehemu kubwa ni ndani ya kuta za studio. Nakuomba usome sentensi hiyo tena, kwa sababu hizo ndizo zilikuwa filamu fupi zake. Wewe umetengeneza tatu kwa kuungaunga. Yeye alikuwa analipwa mshahara ajifunze, moja baada ya nyingine, hana hata muda wa kujiuliza kama ana kipaji. Nyingi katika michezo ya enzi ile hazipo tena. Kanda ilikuwa ghali, vituo vilifuta na kurekodi juu yake. Roho inaniuma kila nikikumbuka, maana mhariri yeyote anajua uchungu wa kitu kilichofutwa.

Mwaka 1969 alianza kufanya kazi na BBC, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nakuambia chukua kazi. BBC ya miaka ya sabini ilikuwa na mfululizo wa Play for Today. Si tamthilia ya kuendelea kama hizi zetu. Ilikuwa hadithi mpya kila mara, mwandishi mwingine, waigizaji wengine, na inaingia sebuleni kwa mamilioni ya watu siku ileile, saa ileile. Clarke alipewa miswada ya waandishi wakali wa nchi ile. Mwaka 1974 alitengeneza Penda's Fen ya David Rudkin, juu ya mtoto wa mchungaji anayeanza kuona malaika na mashetani kwenye mashamba ya Worcestershire. Mwaka 1977 alitengeneza Scum ya Roy Minton, juu ya jela ya vijana, zile zilizoitwa borstal.

Scum ilimgharimu. Ilipokamilika, wakubwa wa BBC waliiona wakakataa kuionyesha. Ilikuwa imeshatangazwa, waigizaji wameshaambia ndugu zao. Clarke na Minton wakaitengeneza upya kwa ajili ya sinema, ikatoka 1979. Ile ya kwanza, ya televisheni, ilikaa kabatini hadi 1991, mwaka mmoja baada ya Clarke kufa. Kwa hiyo usidhani nakuambia televisheni ni peponi. Nakuambia mtu huyu alizuiwa namna hiyo na bado alirudi kufanya kazi humohumo, kwa sababu huko ndiko waliko watu aliotaka wamwone.

Na kuna jambo la Scum nataka ulishike. Mwigizaji mkuu ni Ray Winstone, kijana wa London aliyekuwa ametoka kufukuzwa chuo cha uigizaji. Alikwenda BBC kuwasindikiza rafiki zake waliokuwa na usaili, akaingia tu kumsalimia mwongozaji. Mhusika kwenye mswada alikuwa mtu wa Glasgow, Scotland, lafudhi nyingine kabisa. Winstone amesimulia mwenyewe mara nyingi jinsi alivyopata kazi ile: alipokuwa anaondoka, Clarke alimtazama anavyotembea kwenye korido. Mwendo ndio uliomwajiri. Mwongozaji mwingine angemsomesha mistari mara kumi. Huyu aliangalia mgongo wa mtu anayekwenda zake, akaona mhusika wake.

Tangu hapo, kadiri miaka ilivyokwenda, alizidi kuondoa vitu. Aliondoa muziki, akaondoa maelezo, mwishoni akakaribia kuondoa maneno. Kilichobaki ni watu wanaotembea. Mwaka 1987 peke yake kuna Christine, msichana mdogo wa vitongoji anayezunguka nyumba kwa nyumba na mfuko wa plastiki mkononi, na ndani ya mfuko kuna heroini ya rafiki zake. Nusu ya filamu ni yeye njiani. Kuna Road, mchezo wa jukwaani wa Jim Cartwright ambao Clarke aliutoa nje, akaupeleka Easington, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, na mle ndani Lesley Sharp anatembea barabarani akimsema mumewe asiye na kazi, anatembea na kusema, kusema na kutembea, na kamera inarudi nyuma mbele yake bila kukatwa.

Bila kukatwa. Hapa naomba niseme la moyoni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakata tamthilia ya kituo kimoja. Kulikuwa na sini ya mama anayetoka zahanati baada ya kuambiwa habari ya mtoto wake, anatembea mpaka kituo cha daladala. Mwigizaji aliifanya vizuri sana; alipofika katikati alisimama kufunga kanga, akasahau anafunga nini, akaendelea. Sekunde 48. Nikaambiwa mtazamaji atahama, kata. Nikaikata ikabaki sekunde sita: mlango wa zahanati, halafu mama yuko ndani ya daladala. Kanga ilikwenda na maji. Nilikuwa na uzoefu wa kutosha kupinga na sikupinga. Kwa hiyo wewe ukiingia kwenye hizo sini zako, jua mapema ni sekunde 48 zipi utazipigania. Huwezi kupigania zote. Chagua moja kwa kila kipande.

Clarke alitengeneza filamu tatu tu za sinema maisha yake yote. Alikufa kwa saratani tarehe 24 Julai 1990, ana miaka 54. Mwaka 2016 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilikusanya kazi zake za BBC zilizosalia, ikazisafisha na kuzitoa pamoja, na hao rafiki zako wanaosema televisheni ni kiwanda waambie waanzie hapo.

SWALI: Mama, shikamoo. Niko Mombasa, mwanafunzi wa mawasiliano. Nilifuata ushauri wako nikaitafuta Elephant ya huyo Alan Clarke. Dakika 39. Watu wanauawa mmoja baada ya mwingine, hakuna jina, hakuna sababu, hakuna hata anayeongea. Niliishia kuumwa tumbo. Baba alipita akatazama kidogo akasema hii si filamu, ni ukatili. Nisamehe, lakini nilipaswa kuona nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna la kusamehe. Wewe umeiona vizuri kuliko wengi wanaoisifu. Tumbo kuuma ndiyo filamu yenyewe.

Kwanza ujue ilitoka wapi. Ireland ya Kaskazini ilikuwa kwenye vita vya mitaani tangu mwishoni mwa miaka ya sitini mpaka makubaliano ya amani ya 1998. Waliouawa ni watu wapatao 3,500, katika nchi ndogo ambayo huwezi kupotea usiku mmoja bila kujulikana. Danny Boyle, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa sinema zake, wakati huo alikuwa mtayarishaji wa BBC kule Belfast. Yeye ndiye aliyesimamia utayarishaji wa Elephant, Clarke akaongoza, ikaonyeshwa BBC2 Januari 1989. Jina limetokana na maneno ya mwandishi Bernard MacLaverty, mwenyeji wa Belfast, aliyesema vita vile vilikuwa kama kuwa na tembo sebuleni: yumo, amejaa chumba kizima, na watu wanapita pembeni yake na vikombe vyao vya chai.

Sasa twende taratibu. Kumbuka mwanzo. Mtu anaingia kwenye jengo la bwawa la kuogelea la umma. Kamera iko nyuma ya mgongo wake. Husikii kitu ila viatu. Anapita mlango, anapita korido, pembeni kuna vigae. Anamkuta mfanyakazi, anampiga risasi, anageuka, anaondoka kwa mwendo uleule aliojia. Hakimbii. Halafu kamera inarudi kwa maiti na inakaa. Inakaa. Unadhani wamesahau kukata. Hawajasahau.

Kisha kingine. Kituo cha mafuta. Bohari. Uwanja wa mpira, na hapo ndipo utasikia maneno machache, karibu ya pekee katika filamu nzima. Mauaji 18 kwa jumla. Na angalia ujanja wake, maana ni ujanja wa mwongozaji aliyekomaa: mara nyingine yule tunayemfuata kwa nyuma ndiye muuaji, mara nyingine ndiye atakayeuawa. Migongo haitofautiani. Koti ni koti, viatu ni viatu. Ukifika ya nne au ya tano, unamfuata mtu na moyo unakwenda mbio, na hujui umwogope au umwogopee.

Unaniuliza sababu iko wapi. Watazamaji wa Uingereza walikuwa wamepewa sababu kila jioni kwa miaka 20. Taarifa ya habari ilisema huyu ni Mkatoliki, yule Mprotestanti, huyu wa kundi hili, hii ni kisasi cha ile ya juzi. Ukishapewa sababu, unaiweka mahali pake na unaendelea kula. Clarke aliziondoa sababu zote akaacha kifo peke yake mezani. Mimi sijui njia nyingine ambayo ingemfanya mtu aliyezoea, aache kuzoea.

Ya mwisho uliiona? Watu wawili wanatembea kwenye jengo tupu la kiwanda. Wanakwenda sambamba, huwezi kusema nani amemchukua nani. Wanamkuta wa tatu. Mmoja wa wale wawili anakwenda mwenyewe, anasimama uso kuelekea ukutani, anasubiri. Hajashikwa, hajafungwa. Mimi nimeitazama labda mara tisa, na kila mara pale ukutani najikuta nimeweka mkono mdomoni. Si risasi inayonitisha. Ni ule utii wa mgongo wake.

Baba yako mpe heshima yake. Kusema huu ni ukatili ni kweli tupu. Lakini ukipata nafasi muulize aliona mauaji mangapi kabla hajaondoka, na kama alikuwa anasikia viatu. Mwaka 2003 Mmarekani Gus Van Sant alitengeneza filamu yake juu ya mauaji shuleni, akaipa jina hilohilo la Elephant kwa kumkumbuka Clarke, akawafuata wanafunzi kwa nyuma kwenye korido vilevile, na tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, wakampa tuzo yao kubwa kuliko zote. Chanzo ni dakika 39 za televisheni ya Belfast.

SWALI: Habari za kazi Mama. Nakuandikia kutoka Leicester. Nafanya usafi hospitalini usiku, nina watoto wawili, umri 38. Nimeanza kozi ya filamu ya jioni na wenzangu darasani ni watoto wa miaka 20. Je, kuna mwanamke aliyepita njia hii ya filamu fupi na televisheni akiwa mtu mzima, au nijidanganye tu?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na pole na zamu za usiku. Yupo, na anatoka hukohuko uliko. Andrea Arnold. Alizaliwa 1961 Dartford, Kent, kwa mama aliyekuwa bado binti mdogo, na yeye ndiye wa kwanza katika watoto wanne. Nyumba za halmashauri. Ujanani alikuwa mcheza dansi, kisha miaka ya themanini watoto wa Uingereza walimjua kama mtangazaji na mhusika wa kipindi cha Jumamosi asubuhi cha No. 73. Baadaye akaenda kusomea filamu Los Angeles. Filamu fupi ya kwanza, Milk, ni ya 1998. Piga hesabu: alikuwa anakaribia 37. Ikafuata Dog mwaka 2001, halafu Wasp.

Wasp ni dakika 26, na aliipiga Dartford kwao. Itazame leo ukirudi zamu. Inaanza na mama kijana anashuka ngazi za jengo mbio, yuko peku na gauni la kulalia, mtoto mchanga mkononi hana nepi, wengine watatu nyuma yake, anakwenda kupigana na jirani. Hakuna aliyekuambia ni maskini, ni mlezi peke yake, amechoka. Nyayo zile kwenye saruji zimeshasema. Na nyigu wa jina la filamu atakapomkaribia mtoto utaacha kupumua. Wasp ilipata Oscar ya filamu fupi mwaka 2005. Arnold alikuwa na miaka 43. Mwaka uliofuata sinema yake ndefu ya kwanza, Red Road, iliyopigwa Glasgow, ikapata tuzo ya jopo la waamuzi Cannes. Na hakuikimbia televisheni: mwaka 2019 aliongoza vipande vyote saba vya msimu wa pili wa tamthilia ya Kimarekani ya Big Little Lies.

Wale watoto wa miaka 20 wana muda. Wewe unajua korido ya hospitali saa tisa usiku inavyonuka. Andika hiyo kwanza.

SWALI: Mama, hapa Kisumu hatuna vifaa vya Waingereza. Hiyo kamera ya kutembea tutaipata wapi?

JIBU: Kifaa chenyewe kinaitwa Steadicam, kilibuniwa na Mmarekani Garrett Brown katika miaka ya sabini: mpiga picha anavaa fulana nzito, ina mkono wa springi, kamera inaning'inia isipate mtikisiko wa hatua zake. Enzi ya Clarke kilikuwa kizito na cha gharama, na mpiga picha wake, John Ward, alikuwa anakibeba siku nzima. Leo simu yako na kile kishikio chake chenye mota vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kitakachokushinda si kifaa. Legeza magoti. Vaa viatu vya raba, mwigizaji avae viatu vyenye sauti, na sauti hiyo irekodi tena pekee baada ya kupiga picha, kwenye sakafu ileile. Usimwambie mwigizaji atembee. Mpe mahali pa kufika na sababu ya kufika. Mwache atangulie hatua mbili ndipo umfuate. Na akisimama kufunga kanga, usizime.